Alifundishwa kuchomoa memori za watu, sasa anazirudisha

Saa nne asubuhi, fundi anafungua skrubu ya mwisho chini ya kompyuta mpakato na kuiweka kwenye kifuniko cha kopo pamoja na wenzake tisa. Amezipanga kama zilivyokaa: ndefu nyuma, fupi mbele. Mwenye kompyuta ameketi kwenye stuli mbele yake, mkoba mapajani. Katika chumba hiki mashine haifunguliwi kama mwenyewe hayupo.

Wateja wanamwita Bisibisi. Ana miaka ishirini na saba, na chumba chake kiko ghorofa ya pili, kati ya duka la simu na mashine za kutoa nakala. Kazi yake kubwa ni kuongeza memori na kubadilisha diski, ili kompyuta iliyochoka ipate nguvu tena. Akipata mashine tatu kwa siku anashukuru. Zipo siku hapati hata moja.

Mteja wa leo anachora ramani za nyumba.

"Nikifungua mchoro wa ghorofa moja tu, inaganda," anasema. "Nachemsha chai, nakunywa, narudi, bado imeganda. Kuna mtu nilikuwa namchorea nyumba, amechoka kunisubiri, kazi amempa mwingine. Niongezee memori, fundi. Na diski kama inafaa."

"Uliinunua ikiwa na giga ngapi?"

"Kumi na sita. Ndiyo sababu niliichagua."

Bisibisi anapitisha kadi ya plastiki ukingoni, kifuniko kinaachia. Anachomoa waya wa betri, anagusa mguu wa chuma wa meza ili umeme wa mwilini uondoke, kisha anainama. Anakaa hivyo muda mrefu kuliko kawaida.

Palipopaswa kuwa na vipande viwili vya memori pana kimoja, tena cha giga nne. Nafasi ya pili iko wazi. Diski nayo ni ile ya zamani, yenye sahani inayozunguka, wakati mashine ya aina hii hutoka kiwandani na diski ya kasi isiyo na kitu kinachozunguka.

"Dada, nani aliifungua kabla yangu?"

"Niliipeleka kusafishwa feni, miezi mitatu iliyopita. Duka lile kubwa la kona."

"Walikuchomolea. Diski wakakuwekea kuukuu, wakahamishia kila kitu chako ili usishtuke."

Hakuhitaji kuuliza. Kwenye skrubu ya katikati alishaona doa la rangi nyekundu ya kucha, alama ambayo duka la kona huwaambia wateja ni muhuri wa dhamana. Kwa miaka miwili aliyekuwa akiipaka rangi ile ni yeye.

Mwenye duka ni mjomba wake, kaka wa mama yake. Alimchukua akiwa na miaka kumi na minane, mama alipoachishwa kazi kiwandani, akamketisha meza ya nyuma na kumfundisha.

"Kwa upole," Bisibisi anamwambia mwandishi wa habari hii. "Sijawahi kusikia akipaza sauti. Hata siku aliponiambia, 'Hii ina nane mbili, na huyu mzee anaandika barua tu, mwachie moja,' alisema kwa upole. Nikadhani mzee ameiuza."

Aligundua lini kwamba haikuuzwa?

"Wiki ya pili. Nikaendelea miaka miwili. Usiandike kwamba nilidanganywa."

Anazungumza huku akirudisha skrubu mbili za pembeni, zishikilie tu. Kisha anasimama, mashine kwapani. "Twende," anamwambia mchoraji.

Duka la kona lina kaunta ya kioo, na asubuhi hii wateja watatu wanasubiri. Mjomba ni mtu nadhifu, miwani imening'inia shingoni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea sana."

Bisibisi anailaza mashine kwenye kaunta, tumbo juu. "Hii ilikuwa na nane mbili na diski ya kasi. Nimekuja kuzichukua."

"Tuongee ndani."

"Mwenyewe yuko hapa. Tuongee hapa hapa."

Mjomba anawageukia wateja na kutabasamu. "Huyu ni binti wa dada yangu. Bisibisi hiyo nilimshikisha mimi."

"Ni kweli," anasema Bisibisi. "Na droo ya tatu ulinionyesha wewe. Uifungue, au niifungue?"

Mteja mmoja anavuta kompyuta yake taratibu kutoka kwenye kaunta na kuirudisha begini. Mjomba anamwona. Anavaa miwani, anavuta droo. Ndani, vipande vya memori vimefungwa kwa mipira kama kadi za karata. Anahesabu viwili vya giga nane, anaongeza diski, anavisukuma juu ya kioo. Si vile vyenyewe, maana vile vilishauzwa, lakini vinalingana.

Hapo ndipo mchoraji anapofungua kinywa. "Miezi mitatu nimejiona mjinga," anamwambia. "Niliamini ni mimi nisiyejua kompyuta."

Mjomba anamtazama mpwa wake. "Umenivua nguo mbele za watu."

"Ulikuwa umevaa za watu, mjomba."

Juu chumbani, Bisibisi anakiingiza kila kipande cha memori kwa mshazari, anakilaza kwa vidole gumba hadi vishikizo viwili vilie. Anafunga diski, anahamishia kazi zote. Ikifika saa nane mchana mchoro unafunguka kabla mchoraji hajaiweka sawa miwani yake. Anaufunga, anaufungua tena. Mara nne.

"Sasa yule mtu nimwambie nini?" anauliza.

Kabla ya saa tisa mama amekwisha kupiga simu. Sauti yake inasikika hadi mlangoni.

"Huyo ni kaka yangu. Aliyetulisha. Ulishindwa nini kumwambia pembeni?"

"Nilimwambia pembeni mwaka nilioondoka, mama. Akaniongeza mshahara."

Simu inakatwa. Tangu siku hiyo zimepita wiki tatu, na mama hajapiga tena. Salamu zinapitia kwa dada mkubwa.

Bisibisi alikwenda pia kituo cha polisi kutoa maelezo, akieleza na sehemu yake. Askari aliyekuwa zamu alimsikiliza, akaandika katika kitabu: amepoteza kumbukumbu. "Nikamwambia, afande, kumbukumbu ninazo zote, hizo ndizo zinazonitesa." Faili haijasogea. Duka la kona liko wazi, na rangi nyekundu inaendelea kupakwa.

Mlangoni kwake amebandika karatasi: kama kompyuta yako iliwahi kufunguliwa duka la kona, ilete tuitazame, bure. Wamekuja kumi na mmoja. Saba walikuwa wamechomolewa kitu. Kwa wawili kati ya hao, anasema, aliitambua kazi ya mkono wake mwenyewe, akawaambia usoni. Mmoja alimkumbatia. Mwingine alimtolea uvivu, akachukua mashine yake na kuondoka bila kuaga, na Bisibisi anamwona huyo ndiye mwenye akili.

Lakini kuna mmoja hajaja. Alikuwa mwanafunzi wa uuguzi, mwenye begi la kijani, aliyerudi dukani mara tatu kulalamika kwamba mashine yake imekuwa nzito. Mara zote tatu aliyempokea ni Bisibisi.

"Nilimwambia, 'Ni ya zamani, mdogo wangu, izoee tu.' Akanishukuru. Mara zote tatu alinishukuru."

Mwezi ujao chuo cha uuguzi kina siku ya kuwapokea wahitimu wa zamani. Bisibisi ameomba ruhusa ya kuweka meza getini, na ofisi ya chuo imekubali. Atabeba vipande viwili vya memori vilivyofungwa kwenye mfuko wa plastiki wenye rangi ya fedha, ambavyo hamuuzii mtu. Jina la yule binti halijui. Sura, anasema, ataijua.

Akimwona atamwambia nini?

"Sitaki anisamehe," anasema Bisibisi, akivuta kifuniko cha kopo karibu na mashine inayofuata. "Nataka anipe nafasi niifungue mashine yake."