Uso Alioufanyia Kazi

Jumanne asubuhi nilipigiwa simu na mzee mmoja mwenye malori hapa Masasi, mtu ambaye hunipigia kukiwa na jambo tu. "Mwalimu," alisema, "yule dada yetu ametutoka." Alikuwa akiugua figo kwa muda na sote tulijua, lakini kujua hakupunguzi kitu habari yenyewe inapofika. Tulimzika siku iliyofuata kwao Chilangala, pembeni ya mikorosho ya baba yake, na malori yaliyoegeshwa kando ya barabara yalikuwa mengi kuliko magari madogo. Wasomaji wengi wa safu hii hawakumjua. Leo naomba niwajulishe, kwa sababu nyumba yangu ina mengi ya kumshukuru.

Alikuwa dereva wa lori, akibeba korosho kutoka Newala na Masasi kwenda bandarini Mtwara. Miaka mingi alipanga nyumba jirani na kwangu, na mengi ninayoyaandika hapa aliyasimulia mwenyewe barazani kwetu, akinywa chai na mke wangu. Alipokuwa mtoto alikuwa akichoma korosho uani na mama yake. Mtu wa huku haelezwi jinsi ganda la korosho linavyotoa mafuta makali, na jinsi yanavyolipuka yakishika moto. Siku hiyo bati lilipinduka, na moto ukamrukia shavuni mpaka shingoni. Alipona, ila alibaki na kovu nene lililofunika shavu lote la kushoto. Jicho lilikuwa zima, mdomo ulifunguka vizuri, masikio yalisikia. Kwa madaktari, hakuwa na tatizo. Lakini dukani watu waliliangalia kovu badala ya kumwangalia yeye, na shuleni alipachikwa jina ambalo sitaliandika hapa. Akiwa sekondari, daktari mmoja alimwambia kwamba kovu la namna ile linaweza kurekebishwa kwa upasuaji Dar es Salaam, ila gharama yake si ya kitoto, na bima hailipi kwa kuwa jambo lenyewe huhesabiwa kuwa urembo.

Kwa hiyo alipochaguliwa kwenda chuo cha ualimu na baba yake akachinja mbuzi kwa furaha, yeye alikataa kwenda. "Baba, kwa mshahara wa ualimu nitafika hospitali nikiwa bibi kizee," alimwambia. Baba, mkulima mpole, alijibu kwamba Mungu ndiye aliyemuumba hivyo, aridhike. "Mungu hakuniumba hivi, baba. Huu ni moto wa korosho." Binti akaenda kujifunza udereva, kwani alikuwa amewasikia madereva wa msimu wakisema kipato cha safari ni kizuri. Baadaye aliniambia kulikuwa na sababu ya pili ambayo hakumwambia baba yake: ndani ya kebini ya lori, juu kule, hakuna anayekuona uso.

Leseni aliipata, kazi hakuipata. Ndipo akamfuata huyu huyu mzee aliyenipigia simu. Mzee alicheka. "Binti, mteremko wa kushuka Newala umeua wanaume." Naye akamjibu, "Basi, mzee, panda tukafe wote." Mzee husema hakujua kilichompandisha. Walishuka na shehena kamili, mvua ikinyesha, lori likiguna kwa gia nzito. Walipofika Chiungutwa, chini ya mteremko, mzee alishuka, akaomba maji kwa mama mmoja wa gengeni, akanywa, kisha akamwambia, "Kesho alfajiri uje."

Alifanya kazi ile miaka mingi huku akijiwekea akiba, na maneno hayakukosekana. Kuna walioona afadhali ajenge, na waliosema anamkufuru Muumba. Hatimaye alikwenda Dar es Salaam, wakamtoa ngozi ya pajani wakampandikiza shavuni, akarudi tena kwa awamu ya pili. Kovu halikuisha, lilipungua na kulainika. Nilimuuliza kama ameridhika. Alicheka kwanza. "Mwalimu, leo muuza nyanya pale Nanganga kaniuliza natoka wapi. Hakuniuliza nimefanyaje usoni. Nimenunua ndoo nzima." Watu walidhani sasa ataacha lori. Hakuacha. Alisema kazi aliichukua kwa ajili ya shavu, lakini akaja kuipenda yenyewe.

Sasa nije kwangu. Binti yangu alizaliwa na alama nyekundu iliyoiva, kutoka kwenye paji la uso hadi puani. Alipofika kidato cha tatu alianza kujifungia chumbani. Sisi wazazi tulimwambia ni mzuri, naye akazidi kulia. Dada dereva alipita kutusalimia, akaomba aingie chumbani kwa binti. Aliuacha mlango wazi, tukawasikia.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Unataka itoke?"

Binti yangu akasema, "Nataka."

"Sawa. Kutaka si dhambi, na usimruhusu mtu akucheke kwa hilo. Utasoma, utafanya kazi, na ukitaka utaiondoa kwa hela yako. Ila nisikilize. Mimi nilijificha kwenye lori nikisubiri uso mpya ndipo nianze kuishi. Sikwenda harusi, sikwenda ngoma, rafiki zangu wakaolewa sipo. Uso niliupata. Ile miaka sikurudishiwa."

Likizo iliyofuata alimchukua hadi Mtwara kwenye lori, na akamtaka ashuke kila waliposimama. Leo binti yangu anasomea ufundi wa umeme chuoni. Alama bado ipo. Hajaamua kama ataiondoa, nasi hatumsukumi.

Huwa tunawauliza watoto wanataka kuwa nani, nasi tunafurahi wakitaja udaktari au uhasibu. Ni nadra kuwauliza wanataka kazi iwapatie nini, na wakitujibu ukweli tunakunja sura. Anayefanya kazi ili ajenge nyumba tunamwita mtu wa maendeleo. Anayefanya kazi ili ajitazame kwenye kioo bila kuumia tunamwita mpenda makuu. Namshukuru dada huyu kwa kutuonyesha kwamba haja ya mtu haipimwi na jirani. Namshukuru zaidi kwa kuwa, baada ya kupata alichokitaka, alikuwa mkweli kuhusu alichokipoteza njiani. Angeweza kutusimulia ushindi tu, na tungempigia makofi.

Mwanao akikuambia kinachomuuma, usiharakishe kumwambia hakiumi. Mwache akifanyie kazi. Ila leo hii, kabla chochote hakijabadilika, mshike mkono mtoke naye nje.