Hesabu ya Mwalimu Sarnecka

Mimi ni dereva wa basi, mgongo unaniuma, kwa hiyo nitasema moja kwa moja. Mwalimu Bogumiła Sarnecka alikuwa hajawahi kumwacha mtoto nyuma. Miaka thelathini na moja ya kufundisha historia, kila Machi safari ya Krakow, kwenda Ijumaa na kurudi Jumapili, na kila Jumapili jioni aliwakabidhi wazazi watoto walewale aliopewa. Hakuwa na jingine la kujivunia. Mume alishaondoka, magoti yalishamsaliti, na mkuu mpya wa shule alikuwa akimwita "mama yetu" kwa sauti ya kumwonyesha mlango. Lakini watoto alirudisha wote.

Nimemwendesha miaka kumi na nne. Hupanda wa kwanza na kushuka wa mwisho, baada ya kupita kiti kwa kiti akiokota kofia na maganda ya mayai. Na kabla sijawasha injini, watoto huhesabu wenyewe kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, kuanzia mbele mpaka nyuma. Yeye hutazama karatasi yake. Namba ya mwisho ikilingana na karatasi, husema, "Twende, Bwana Heniek." Ndivyo tunavyofanya huku kwetu, tangu mimi nikiwa mwanafunzi.

Mwaka huu darasa lilikuwa na mchezo wake. Kulikuwa na kijana anaitwa Gracjan, mcheshi, kipenzi cha wote. Krismasi mama yake alimchukua wakahamia Ireland kutafuta maisha. Basi kila hesabu ikifika kumi na tatu, darasa zima lilipiga kelele, "Gracjan, Dublin!" na mtoto anayefuata akaendelea na kumi na nne. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Hawakulijua darasa hili. Watoto waliosafiri walikuwa ishirini na watano, lakini hesabu yao iliishia ishirini na sita, kwa sababu ya huyo wa Dublin. Mwalimu alilijua hilo. Ijumaa alicheka, Jumamosi akatabasamu.

Jumapili hakuwa na nguvu hata ya kutabasamu. Alikuwa amelala saa tatu kwa usiku mbili, maana hostelini watoto walikuwa wakihamahama vyumba na yeye akakalia kiti koridoni kuwalinda. Waldek, mwalimu wa michezo aliyepewa kumsaidia, alilala kama gogo usiku na akalala tena basini kabla hatujaondoka. Mchana ule, maegeshoni chini ya kasri, Mwalimu alisimama kando yangu ameshika nguzo, macho mekundu.

"Haya, hesabuni," akasema.

Wakahesabu. Gracjan akapigiwa kelele zake. Nyuma kabisa Błażej, yule mdomo mrefu, akamalizia, "Ishirini na tano!"

Mwalimu akatazama karatasi. Ishirini na tano.

"Twende, Bwana Heniek."

Nikafunga mlango. Na mimi nilisikia, sijifanyi malaika. Nilikuwa nawaza supu ya mke wangu.

Tulikuwa tumekwenda karibu saa nzima aliponyanyuka kugawa tofi. Ni desturi yake ya kurudi nyumbani: tofi za maziwa, moja kwa kila mtoto, amezinunua kamili kwa idadi. Nilimwona kwenye kioo akienda pole pole, anashika viti. Alipofika nyuma, ilibaki moja mkononi.

"Hiyo ya Gracjan," Błażej akasema. "Nipe, Mwalimu, niile kwa niaba yake."

Watoto wakacheka. Yeye akabaki amesimama na ile tofi.

"Gracjan sikumnunulia," akasema. "Nani hajapata?"

Akapitisha macho kiti kwa kiti, akatoa simu yake akapiga. Mlio ukatoka kiti cha nne kushoto, ndani ya mfuko wa jaketi la bluu. Jaketi lilikuwepo, begi lilikuwepo. Kalina hakuwepo.

Kalina Dudziak. Mtoto mkimya, alikaa peke yake kwa sababu wenzake walikuwa wawili wawili na yeye ndiye alibaki. Nakiri kwamba siku tatu zile sikumbuki kusikia sauti yake.

"Nini?" Waldek akaamka. "Nani?"

"Bwana Heniek, geuza," Mwalimu akasema.

Basi kwenye barabara kuu haligeuzwi kama mkokoteni. Nilikwenda kilomita kumi na moja mbele kutafuta pa kutokea, na hizo ndizo ndefu kuliko zote nilizowahi kuendesha. Mwalimu alikaa ngazini kando yangu, anazungumza na polisi kwenye simu, anawatajia rangi ya nywele. Kimo alikijua. Rangi ya sweta hakuikumbuka, akawauliza watoto, na kati ya ishirini na wanne hakuna aliyekuwa na uhakika. Mmoja kijivu, mwingine kijani.

"Mtoto wa watu," akasema baada ya kukata simu. "Nje digrii nne, hana jaketi."

"Tutamkuta, Mwalimu."

"Nilisikia ishirini na tano nikafurahi. Unajua nilifurahi nini? Kwamba sasa naweza kukaa."

Nikakanyaga mafuta.

Tulimkuta. Alikuwa maegeshoni, palepale basi lilipokuwa limesimama, ameweka miguu yote miwili juu ya doa la oili lililoachwa na mkweche wangu. Mabegani alikuwa amevishwa koti la kufuma la mama anayetunza vyoo vya pale, na mama mwenyewe amesimama kando na polisi wawili, amefura.

"Saa mbili nzima kasimama huyu," akanivaa kabla sijateremka vizuri. "Nimemwambia ingia ndani kuna hita, hataki. Chai nimemletea hapahapa. Eti mwalimu kawaambia ukipotea usitafute, simama ulipo, utafuatwa. Mna walimu gani nyie?"

Mwalimu alisema hivyo kila mwaka. Mtoto mmoja tu alikuwa amemsikiliza.

Mwalimu akamshika Kalina mikono, ilikuwa baridi kama samaki. Sweta ilikuwa ya zambarau.

"Ulikuwa wapi, mwanangu?"

"Chooni. Nilikuwa nanawa." Midomo ilikuwa ikitetemeka. "Niliwasikia mnahesabu. Mlipomwita Gracjan nikasema moyoni bado, bado, wakifika kwangu watanisubiri."

Mlango wa basi ulikuwa wazi. Darasa zima lilisikia. Błażej aliangalia chini, na mpaka tunafika nyumbani hakufungua tena mdomo wake.

Kabla ya kuondoka mara ya pili, Mwalimu hakutaka hesabu ya sauti. Alipita mwenyewe katikati ya viti, anamgusa kila mmoja bega, anamtaja jina. Kalina alikalishwa mbele, kwenye kiti cha Mwalimu, kavaa jaketi, tofi shavuni. Mwalimu alisafiri amekaa ngazini. Nilimwambia magoti yake hayatamsamehe. Akasema na yasisamehe.

Karibu na mji wetu Waldek akaja kuinama sikioni mwake, lakini basi ni dogo.

"Mama yake Kalina alipiga ile simu ya jaketini haikupokelewa, basi. Tuseme ilizima chaji. Tumechelewa kwa foleni. Mtoto mzima, watoto hawatasema. Bogumiła, umebakiza miezi mitatu ustaafu, huyo mkuu anakutafutia sababu. Miaka thelathini na moja hiyo."

Kalina akageuka. "Mimi sitasema, Mwalimu. Kweli. Mimi huwa sisemi."

Mwalimu akamvutia zipu ya jaketi mpaka kidevuni.

"Najua," akamjibu. "Ndiyo maana nitasema mimi."

Saa kumi na moja jioni niliingia uwanja wa shule. Wazazi walikuwa wamejipanga, na mbele yao mama yake Kalina, mwanamke mwembamba mwenye koti la kijani, ananyoosha shingo akitafuta madirishani. Nikafungua mlango. Watoto walikaa, hawakusogea hata mmoja, wanamsubiri Mwalimu apite nyuma kukagua viti kama kawaida yake.

Hakwenda nyuma. Alijivuta kwa nguzo, akanyoosha magoti, akashuka wa kwanza, akaenda moja kwa moja kwa yule mwanamke.