Virgule Niliyoisogeza Mara Mbili

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya ndoa yangu, na laiti ningeweza kuisahau. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, msomi pekee katika nyumba yetu ya udongo ukingoni mwa mto Naviundu. Nyuma ya nyumba ilisimama miti ya mubanga aliyoiacha babu, na mizizi yake ndiyo iliyoushika ule ukingo. Wachoma makala, yaani makaa ya kuuza, wakaja kuiomba. Baba, mstaafu wa reli, aliniita mimi.

"Weye njo ulisoma," akasema. "Tukikata leo, itarudia lini?"

Agronome mmoja, mtaalamu wa kilimo, alikuwa ametuambia kwamba shina la mubanga huongezeka unene sentimita 0,4 kwa mwaka. Nikataka kujua unene wa miaka kumi, na kuzidisha kwa kumi ni kusogeza virgule, ile alama ya desimali, hatua moja tu kwenda kulia: 0,4 inakuwa 4. Mimi, kwa haraka ya kujionyesha, niliisogeza mara mbili, nikapata 40. Hiyo ni ya miaka mia, mwanangu, na nani ana miaka mia ya kungoja?

"Papa, myaka kumi tu! Itafika centimètres quarante, sawa vile iko leo."

Akacheka kwa furaha, akawaruhusu. Mtaa mzima ukazisikia sifa zangu.

Mwezi uliofuata mwalimu alinirudishia zoezi limejaa wino mwekundu, na hapo nikaliona kosa langu. Niliona haya. Nikajiambia miti imekwisha kuwa makala, nikisema nitabadili nini? Lakini ningebadili. Ningemwambia baba ahame.

Kila msimu wa mvua mto uliumega ukingo. Jirani yetu Mama Ngalula alimsihi baba: "Papa, toka pale, mayi iko nakula udongo!"

"Mutoto yangu alishafanyaka calcul," baba akajibu, akiitegemea hesabu yangu ile.

Nilikuwa hapo hapo nikiosha sahani, nikazidi kuzisugua. Kila kiangazi aliyapima machipukizi kwa uzi. Mwaka wa tano yalikuwa na unene wa kidole gumba. "Iko nakuya, pole pole," akaniambia, nami nikaenda kulia jikoni.

Mvua za mwaka huo ukingo ulikatika mchana, pamoja na nyumba. Mimi nilikuwa shuleni. Baba tulimpata kesho yake, huko chini mtoni, tope limemjaa kinywani.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nilificha, kifo kikamchukua mwingine. Kukosea hesabu si dhambi, mwanangu. Ukihesabu kitu kinachokua taratibu, jiulize kwanza kama jibu lako linafanana na ulichokiona kwa macho yako. Na ukigundua umekosea, sema siku hiyo hiyo, hata wakikucheka, maana kuna mtu amelala akilitegemea neno lako. Baba alikufa akiniamini, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Mungu akujalie ulimi wa kusema "nilikosea" wakati mtu wako yungali hai wa kukusikia.