Nyumba ya Gari

Gari letu lilikuwa haliwaki asubuhi kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane. Miezi mingine tisa lilikuwa gari la kawaida. Ni pikapu nyeupe ya dizeli, niliinunua kwa mtu aliyekuwa anahamia Tanga, na nadhani sasa naelewa kwa nini alihamia Tanga.

Tunakaa pembeni ya mji wa Singida, upande ambao hakuna cha kuuzuia upepo. Upepo wa kipupwe unatoka mashariki, unaanza kabla jua halijatoka, na unavuma kama umeajiriwa. Mimi nilikuwa afisa mifugo, nimestaafu. Mke wangu bado anafundisha shule ya msingi. Kila asubuhi ya kipupwe nilikuwa nachemsha maji na kumwaga kwenye injini, natoa blanketi kuukuu nililolifunika usiku, nawasha. Gari linakohoa, linazima. Majirani wawili walishazoea kutoka nje na miswaki mdomoni ili kusukuma. Hawakuhitaji kuitwa tena.

Siku moja mke wangu, akiwa amechelewa kipindi cha kwanza, alisimama na madaftari yake kifuani akasema, "Si ulijengee nyumba basi, kama linaumwa."

Alisema kwa hasira. Mimi niliuchukua kama ushauri.

Nilinunua daftari lenye miraba, nikachora kwa wiki mbili. Kwanza nilitaka banda liungane na nyumba, upande wa chumba cha kulala, ili nipunguze ukuta mmoja. Mke wangu aliuliza moshi wa dizeli utatokea wapi. Nikamwonyesha dirisha kwenye mchoro. Akauliza dirisha hilo linatazama wapi. Lilikuwa linatazama kitandani kwetu. Nikageuza ukurasa.

Basi likawa banda la peke yake, hatua nane kutoka jikoni. Kulisogeza zaidi haikuwezekana kwa sababu upande wa kusini kuna jiwe. Asiyeijua Singida nimweleze kwamba jiwe ninalolisema ni kubwa kuliko nyumba yetu, na ndilo lililotangulia kufika.

Fundi nilimpata Shelui, ambako aliwahi kujenga mabanda ya malori kando ya barabara kuu. Alikuwa mtu mrefu, mpole, na kila swali alilijibu kwa neno moja.

"Bati litahimili upepo huu?" nilimwuliza.

"Inawezekana."

"Yaani litahimili, au pengine litahimili?"

Akautazama upepo kwa muda. "Inawezekana, mzee."

Kosa langu jingine lilikuwa kuliita banda lile gereji. Nilidhani ndilo jina lake. Lakini mjini kwetu gereji ni mahali pa kutengenezea magari, na habari zikaenea kwamba mzee wa mifugo anafungua gereji. Msingi ulikuwa haujakauka, mtu akafika anasukuma pikipiki iliyokatika mnyororo. Nilimweleza. Akasema hana haraka, atarudi tukishafungua.

Hapa lazima nimtaje mkwe wangu, mama wa mke wangu. Anaishi Issuna. Ni Mnyaturu wa zamani, na kwake mume wa binti ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali. Kwa miaka ishirini na sita ya ndoa yetu hakuwahi kulala kwetu hata siku moja. Alikuwa anakuja na basi la asubuhi, anakaa uani kwenye kigoda, anakula, anaondoka na basi la mchana. Sebuleni hakukanyaga. Wala hakuwahi kunisemesha. Nilikuwa nasema, "Shikamoo, mama," anaitikia, "Marahaba," macho yakiwa chini, na baada ya hapo maneno yote yalipitia kwa binti yake, hata kama sote watatu tumekaa mahali ambapo mtu anaweza kumpokeza mwenzake chumvi.

Siku tunapima msingi alikuwepo. Alimwita binti yake, wakaongea Kinyaturu, kisha mke wangu akanigeukia.

"Mama anauliza mlango utakuwa upande gani."

"Mashariki," nikasema. "Utazame geti. Gari linaingia moja kwa moja."

Mke wangu akatafsiri, ingawa mama yake Kiswahili anakisikia vizuri sana. Jibu likarudi.

"Anasema na upepo nao utaingia moja kwa moja."

Fundi akaacha kufunga kamba. Nilikitazama kigoda, nikautazama mchoro wangu wa wiki mbili, nikamwuliza fundi kama mlango unaweza kuhamia magharibi. Alisema inawezekana. Mlango wa magharibi ulimaanisha gari lizunguke nyumba nzima, na njia ya kuzunguka ilipita juu ya bustani ya mchicha ya mke wangu. Mke wangu aliitazama bustani, akamtazama mama yake, akainama akaanza kung'oa mchicha mwenyewe.

Ujenzi ulikwenda vizuri kuliko nilivyostahili. Kuta zilikuwa nene, za tofali za kuchoma. Madirisha yalikuwa mawili, madogo, juu karibu na paa. Chini ya bati niliweka dari ya mbao, kwa sababu nilikuwa nimesoma mahali kwamba joto hupotelea juu. Mke wangu alinikumbusha kwamba sebule yetu haina dari. Nilimwambia tutaweka. Siku ya kuezeka, upepo ulichukua bati moja, ukalivusha ua na kulilaza katikati ya shamba la alizeti la jirani. Fundi alilifuata kwa macho mpaka lilipotua.

"Hilo nilikuwa sijalipigilia," akanieleza.

Banda lilipokwisha, gari halikuingia. Lilifika mlangoni likasimama, vioo vya pembeni vimegusa kuta zote mbili. Nilishuka nikamwambia fundi maneno ambayo sitayaandika. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa mfukoni karatasi niliyompa siku ya kwanza. Upana ulikuwa umeandikwa kwa mwandiko wangu, na ulikuwa upana sahihi kabisa wa gari lisilo na vioo. Nilimwomba radhi mbele ya mke wangu. Fundi akasema vioo vinakunjwa. Alikuwa sahihi, vinakunjwa.

Gari lililala humo siku tisa, na asubuhi zote tisa liliwaka mara moja. Ile ya kwanza majirani walitoka na miswaki yao, wakasikiliza injini ikinguruma, wakatazamana, wakarudi ndani. Nilihisi kama nimewanyima kitu.

Siku ya kumi mke wangu alipigiwa simu kutoka Issuna. Mama yake alikuwa amejikata mguu kwa jembe wiki kadhaa nyuma, akanyamaza, na sasa kidonda kimeharibika. Tulimfuata siku hiyo hiyo, tukamleta hospitalini mjini. Daktari alisema mguu utapona bila kulazwa, ila kidonda kisafishwe na kufungwa upya kila siku kwa wiki sita, na mgonjwa asikae kwenye vumbi wala kutembea. Kwenda na kurudi Issuna kila siku lisingekuwa jambo la mtu mwenye mguu ule.

Mke wangu alitandika chumba cha wageni. Mama yake alishuka kwenye gari, akaegemea fimbo, akajikokota mpaka kwenye kigoda uani, akakaa. Alisema atasubiri basi. Mke wangu alimsihi kwa Kinyaturu, kisha kwa Kiswahili, kisha akabaki amesimama na blanketi mikononi. Upepo ulikuwa unapuliza ile bandeji mpya. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba ili nisiwe kikwazo, lakini popote ambapo ningekwenda kikwazo kilikuwa mimi. Nilirudi, nikasimama karibu na jiko.

Ndipo mama akainua fimbo, akaonyesha.

"Nyumba ile ni ya nani?" alimwuliza binti yake. Alisema kwa Kiswahili. Nadhani alitaka nisikie.

"Ya gari, mama."

"Imeshikana na ya mumeo?"

"Haijashikana."

"Ina mlango wake?"

"Ina mlango wake."

Akafikiri. "Gari si mkwe wangu," akasema. "Nitalala kwa gari."

Hakuna aliyecheka. Nilichukua ufunguo, nikalihamishia gari chini ya ukuta wa jikoni, na mimi na mke wangu tukasugua sakafu ya banda kwa majivu na sabuni mpaka harufu ya dizeli ikapungua. Kitanda kilipita mlangoni bila shida yoyote. Tukaweka mkeka, ndoo, taa, na kigoda chake. Aliingia kwa kuinama, ingawa mlango ule ni mrefu.

Asubuhi alimwambia binti yake kwamba hajapata kulala mahali penye joto namna ile tangu tembe la udongo la baba yake lilipobomolewa. Mke wangu alinifikishia. Niliishika sifa hiyo kwa furaha mpaka nilipokwenda kuwasha gari ili tumpeleke hospitali.

Halikuwaka. Lilikuwa limelala nje. Kwa hiyo kwa wiki sita nilikuwa na kazi ya kuwasha kila asubuhi gari lililopatwa na baridi kwa sababu ya mgonjwa, ili kumpeleka mgonjwa aliyelala mahali pake. Majirani walirudi na miswaki yao. Walikuwa wachangamfu.

Siku tatu za mwanzo mke wangu alikaa katikati yetu. Siku ya nne jirani mmoja alikuwa amesafiri, ikabidi mke wangu akasukume, na mimi na mama yake tukabaki wawili ndani, mguu wake ukiwa juu ya mto. Hatukuwahi kuwa wawili mahali popote. Mimi nilitazama mbele, yeye alitazama dirishani. Gari likasogea, nikaachia klachi, likakohoa, likazima. Wakasukuma tena, nikaachia tena, likazima tena.

"Baba."

Niligeuka nyuma kuangalia nani ameita.

"Baba, unaachia mapema," akasema mama, bado anatazama dirishani. "Ngoja likimbie kwanza."

Nikangoja. Gari likashika mteremko wa kwenda barabarani, nikaachia klachi, likawaka.

"Ndiyo, mama," nikasema, ingawa swali lenyewe halikuwepo.

Mke wangu alipopanda, anahema, jasho limemtoka katika baridi ile, alitutazama mmoja mmoja. "Kuna nini?"

Mama yake akamjibu kwa Kinyaturu. Nikauliza amesemaje.

"Anasema gari limewaka," mke wangu akasema.

Toka hapo mke wangu akawa anasukuma kila asubuhi, hata yule jirani aliporudi. Sikumwuliza sababu. Ndani ya gari mama na mimi tukawa tunaongea, na tukishuka uani tunarudi kwa mkalimani kama kawaida. Alianza na ng'ombe, kwa kuwa ndiyo kazi niliyoifanya. Alikuwa na mtamba wake asiyeshika mimba, na maswali aliyouliza yalikuwa mazuri kuliko ya maofisa wengi niliofanya nao kazi. Alinihoji pia kwa nini sili mlenda anaotuletea. Alikuwa ameliona hilo kwa miaka ishirini na sita.

Kuna asubuhi moja, mke wangu bado anatufuata nyuma kwa miguu na tunasubiri lori lipite ili tuingie barabarani, mama akasema, "Tulipomzika baba yake huyu ulilala nje siku tatu, chini, kwenye baridi. Nilikuona. Sikuwa na njia ya kukuambia."

Lori likapita. Nikabadilisha gia.

Yule mtu wa pikipiki naye alirudi katika wiki ya tano. Mimi sikuwepo, nilisimuliwa. Aliona mlango uko wazi, akapiga hodi, akaingia na pikipiki yake, akamkuta mama amekaa kitandani anachambua mchele. Alimwamkia, kisha akamwuliza fundi yuko wapi. Mama akamjibu kwamba fundi alisharudi Shelui. Mtu yule akashukuru, akaondoka.

Kidonda kilifunga wiki ya saba. Mama alifagia banda, akakung'uta mkeka, akaomba binti yake aniambie kwamba ameshukuru. Tulimrudisha Issuna na godoro jipya nyuma ya pikapu. Njia nzima mke wangu alikaa katikati, na mama yake na mimi hatukusemeshana, ila tulipofika na nilipokuwa nashusha godoro aliniambia polepole nisisahau dawa ya yule mtamba. Tuliporudi mjini nililiingiza gari bandani. Kitanda mke wangu alikataa kitolewe, kwa hiyo kikasimamishwa ukutani, na nafasi ya kupita ikawa ya kupita ubavu.

Kipupwe kilichofuata hakuna aliyekuwa mgonjwa. Asubuhi moja ya mwezi wa sita nilisikia geti, nikatoka. Mama alikuwa ameshuka kwenye basi peke yake, amejifunika kitenge kizito, amebeba kiroba cha karanga na mfuko wenye nguo. Nguo hazikuwa za siku moja. Nikamwamkia, akaitikia macho yakiwa chini, akaupita mlango wa sebule, akazunguka nyumba mpaka upande wa magharibi, akasimama mbele ya mlango wa banda, akapiga hodi.

Mke wangu alikuwa shuleni. Hapakuwa na mtu wa kupitishia maneno, na hatukuwa ndani ya gari.

"Karibu, mama," nikasema.

Akautazama mlango wa banda.

"Lenyewe limo?" akauliza.

"Limo."

"Basi litoe, baba," akasema, akaweka kiroba chini. "Nasubiri."

Nikaenda kuchukua ufunguo.