Dada Alipovua Utu wa Kale

Dada yangu alikuwa msusi Mashimoni, na kicheko chake ulikisikia kabla hujamwona. Alipohamia Kawangware alianza kusali na kikundi kilichokutana kwenye chumba cha mabati nyuma ya ploti alimopanga. Huko walifundishwa kuvua utu wa kale: kila wiki unaacha kitu kimoja kilichokuwa wewe. Mwanzoni nilimwonea wivu, maana aliacha hasira na umbea, akatulia. Kisha akaacha kusuka. Akaacha kucheka. Mwishowe akaacha jina.

Mama alipokuja kutoka kijijini kwetu Western, nilimpeleka kwake Jumapili mchana. Sijawahi kuingia ploti iliyonyamaza vile. Hata redio hakuna. Dada alikuwa anaanika nguo, amenyoa kichwa, amevaa nyeupe tupu. Mama akamwita. Hakugeuka mpaka tulipomkaribia kabisa.

"Karibuni, wageni."

"Mimi ni mgeni?" Mama akauliza.

"Huyo unayemtafuta alishakufa, mama. Usilie. Alikufa vizuri."

Alituingiza chumbani kwake, akatumiminia chai kwa adabu, bila haraka. Nilitafuta chuki machoni mwake, nikaikosa. Ningeiona, ningepumua.

Kisha binti yake mdogo akaingia. Alipewa jina la mama yetu, na mama akafungua mikono kumwita kwalo. Mtoto akabaki mlangoni, akimwangalia dada kama anayengoja ruhusa. Naye kichwa chake kilikuwa kimenyolewa.

"Huyu naye tumemwanzisha," dada akasema.

"Ameacha nini?" nikauliza.

"Nyimbo za shule. Mdoli. Wiki hii, jina."

Mama akasimama, akamshika mtoto mkono. "Huyu tunaenda naye."

Nilijiandaa kwa vita. Nilijua majirani wangetoka, nilijua dada angemvuta mtoto upande wa pili. Lakini alikusanya vikombe tu.

"Mchukueni," akasema. "Umama ndio ulikuwa umebaki."

Mama alirudi nyumbani na presha juu. Mtoto yuko kwangu Kambi Muru mpaka leo. Anakula vizuri, nywele zimeota, na jioni huruka kamba na wenzake hapo nje. Watu husema amezoea haraka. Lakini hajawahi kumuulizia mamake hata siku moja, nami naogopa kumwuliza ni kwa nini.