Rula Yangu na Lori Lililolala Kalenga

Mpaka leo basi likikaribia pale palipokuwa na kizuizi, ukitoka Iringa kwenda Mbeya, mimi hugeuza uso nikatazama milima kwa bidii, kama mtu aliyeagizwa kuihesabu. Sina shida na milima. Nina aibu, nimeibeba tangu miaka ya sabini, na naona sasa nimezeeka kiasi cha kuweza kuitua mbele yenu.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu nikapangiwa Mbeya, afisa ugavi wa shirika moja la pembejeo ambalo sitalitaja (lilishakufa, na maiti haisengenywi). Chini yangu palikuwa na ghala, makarani wawili na lori moja tulilorithi kwa wakandarasi wa kigeni waliomaliza barabara yao wakaondoka. Lori lile halikuwa na springi nyuma kama malori ya watu. Lilikalia mipira minene iliyojazwa upepo, na injini ndiyo iliyokuwa ikiijaza. Kwa kuwa lilikuwa refu mno, turubai likikwaruza kizingiti cha mlango wa ghala, mimi kwa akili zangu nikaagiza lishushwe.

Kazi hiyo aliifanya fundi Ambonisye kule Mbalizi. Uvunguni kulikuwa na kifimbo cha chuma kilichounganisha ekseli na koki ya upepo: bodi likizama kwa mzigo, kifimbo kinafungua upepo uingie, likipanda kinautoa, basi ukikirekebisha kifimbo umeamua lori lisimame kimo gani, liwe tupu au limejaa. Ambonisye alipima kwa shubiri. Nikamwambia hapana, tutumie rula, tukapata sentimita arobaini toka ekseli hadi chesisi, nikaandika kwenye daftari. Akafuta mikono, akasema, "Bwana mkubwa, ukitaka kupima, pima likinguruma. Mipira hii imechoka. Likizimwa likalala, nalo linalala."

Niliandika namba. Maneno yake sikuyaandika.

Dereva alikuwa Lameck, Mhehe wa Kalenga, kanipita miaka kama kumi na mitano, nami nikimwita kaka. Yeye aliniita mdogo wangu mbele ya yeyote bila kuomba ruhusa, na nililipenda jina hilo kuliko nilivyokubali kuonyesha. Lakini ulikuwa wakati wa njaa. Kusafirisha nafaka bila kibali ni magendo, dereva akikamatwa kazi imekwisha, na pengine anaingia ndani. Na Lameck alikuwa na jambo moja: kila safari ya Iringa lazima apitie Kalenga. Kwenda kwa mama, alisema. Mimi nilikuwa nimesoma vya kutosha kutomwamini mtu anayempenda mama yake kiasi kile.

Nikaamua kusafiri naye. Mke wangu alikuwa na wiki moja tu tangu ajifungue, lakini nikamwambia taifa kwanza. Tukapakia Iringa magunia sitini ya mbegu za mahindi, kibali mkononi, jioni tukafika Kalenga kulala kwa mama yake. Kabla Lameck hajazima injini niliruka chini nikapima (nilijifanya nafunga kamba za kiatu, na viatu vyangu havikuwa na kamba). Arobaini kamili.

Asubuhi nilipotoka nje nikamkuta anapokea kitu kwa mama yake, wananong'ona Kihehe. Waliponiona wakaacha, mama akanisalimu "Kamwene" kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Nikazunguka nyuma ya lori, nikainama tena.

Thelathini na moja.

Sentimita tisa zimezama usiku, nami nimelala kama gogo! Hesabu ilikuwa wazi: chini ya turubai lile kuna magunia yasiyo ya shirika. Uji niliopewa niliunywa nimeugeukia ukuta ili uso wangu usinisaliti, na nje lori likawashwa, likanguruma robo saa nzima, mimi ndani natafakari ushahidi, kwa hiyo sikuliona likiinuka. Njiani Lameck aliniuliza shemeji anaendeleaje, maziwa yanatoka? Nikamjibu kwa mkato. Nilijua mtu anapotafuta kunilainisha.

Kizuizini koplo alisoma kibali, akataka kutupungia mkono tupite. Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. Nikashuka, nikamvuta pembeni, nikamnong'oneza kwamba gari limezidi mzigo na mimi nina vipimo.

Basi, injini ikazimwa, turubai likafunguliwa, magunia yakateremshwa moja moja, likaja basi la abiria nalo likasimamishwa nyuma yetu, abiria wakashuka kutazama, kina mama wauza njegere wakahama na vikapu vyao kutusogelea. Lameck alikaa juu ya jiwe. Koplo akahesabu: sitini. Akarudia: sitini. Nikasema pengine kuna kitu chini ya sakafu, nikatoa rula, nikaingia uvunguni na suruali yangu ya tetroni.

"Ishirini na saba," nilitangaza toka huko chini, kisha nikajisikia nilichosema. Lori tupu lilikuwa limezama zaidi kuliko lilipobeba magunia sitini.

"Sasa hapo limebeba nini?" akauliza mama mmoja wa njegere.

"Elimu," akajibu mwenzake.

Wakati watu wanacheka, koplo alikuwa anapekua nyuma ya kiti cha dereva, akatoka na debe lililofungwa kwa kanga. Unga wa ulezi. Kibali chake hakipo. Nakiri kwamba moyo wangu uliruka kwa furaha.

"Hili la nani?"

Lameck akainuka toka kwenye jiwe. "La mke wa huyu," akasema. "Mama kasikia kajifungua, kamsagia uji wa mzazi. Alisema nisimwonyeshe mpaka nimfikishe nyumbani. Mgeni ukimwonyesha, anakataa."

Koplo akafungua daftari lake, akaniuliza jina. Nililitaja taratibu, herufi kwa herufi, maana mkono wake ulikuwa mzito. Alipomaliza akanikabidhi debe. Alisema mzazi anywe uji, lakini jina atabaki nalo.

Magunia tuliyapakia sisi wawili. Lameck alipowasha injini, upepo ukarudi kwenye mipira, lori likaanza kupanda polepole likipumua, likafika kimo chake likatulia, na abiria wakalipigia makofi. Hadi Mbeya alinisemesha mara moja tu, tulipofika Chimala, kuuliza kama Ndugu Afisa angependa kula.

Tangu siku ile sijapima kazi ya mtu kabla ya kumsikiliza aliyeitengeneza mpaka amalize kusema. Miezi kadhaa baadaye nikamwomba Lameck tupitie tena Kalenga, nikamwomba mama radhi mbele ya majirani. Alinisikiliza, akaingia ndani, akatoka na debe jingine, akaliweka miguuni pangu mchana kweupe.

"Pima kabisa, baba," akasema, "usije ukaumia njiani."

Lameck alicheka mpaka akashika mlango wa lori. Kisha akanifungulia upande wa pili, akasema, "Panda, Ndugu Afisa."