Waliponiona na Baiskeli

Niliuza gari mwaka wa pili baada ya kustaafu ualimu. Sikuwa nalala njaa. Ila kila mwezi fundi alinipigia simu na jambo jipya, leo klachi, kesho redieta, na pensheni ni ile ile. Nilichoka. Nikanunua baiskeli ya mtumba yenye gia na magurudumu manene, ile ya kupandia milima, nikaiendesha polepole hadi nyumbani Lanet, malori yakinipita na upepo wao.

Jumamosi nilikuwa naenda nayo Menengai. Siwezi kudanganya kwamba niliendesha. Zaidi ya nusu ya mlima niliisukuma. Nikifika juu naifunga kwa mnyororo kwenye mti, natembea ukingoni mwa kreta mpaka magoti yakatae, kisha nakaa kuangalia mvuke ukitoka kule chini. Sikuwaza lolote la maana. Bei ya mafuta ya kupikia. Kama nipande vitunguu au niache shamba lipumzike.

Siku moja nikishuka niliteleza kwenye changarawe. Mwendesha boda akasimama. "Mathe, umeumia?" Nikamwambia hapana, nikaikokota baiskeli huku goti likitoka damu, nikapita mbele ya kanisa letu wakati kwaya inatoka mazoezini.

Jumatano akina mama watatu wa kanisa wakabisha hodi, wamebeba unga, sukari na mafuta. Mwenyekiti wao, ambaye nilimfundishia watoto wote wanne, akaanza na maombi. Alipomwambia Mungu kwamba mali huja na kwenda, ndipo nikaelewa.

"Mwalimu, usione haya," akasema baada ya amina. "Hata sisi tumepitia."

"Gari niliuza kwa hiari yangu. Baiskeli naipenda."

Wakatazamana. "Ni sawa," akasema, kwa ile sauti ya kumtembelea mgonjwa.

Ningeweza kubishana, lakini nguvu hazikuwepo. Nikaweka chai. Tulipokuwa tunakunywa nikajikuta nasema jambo ambalo hata wanangu sikuwa nimewaambia.

"Shida si pesa. Ni hii nyumba. Tangu tumzike mzee wangu, nikikaa humu kutwa nzima naishiwa nguvu, na hakuna kazi niliyofanya. Ndiyo maana napanda Menengai."

Mwenyekiti alishika kikombe chake kwa mikono miwili. Kisha yule wa tatu, mjane kama mimi, ambaye hakuwa amesema neno tangu aingie, akauliza, "Huko juu unakoenda kuna nini?"

"Hakuna kitu. Kuna upepo."

"Basi nitakuja."

Sikumwamini, lakini Jumamosi alikuwa langoni kabla jua halijatoka, amevaa sketi ndefu na raba za binti yake. Nikaiacha baiskeli, tukapanda kwa miguu. Alisimama mara nyingi kupumua, nami nikasimama naye, na njia nzima hatukuongea zaidi ya kuonyeshana mahali pa kukanyaga. Juu akafungua leso ya kiunoni, akaitandika kwenye nyasi.

"Mwalimu, nikilala kidogo utaniacha?"

"Lala."

Akalala kama mtu aliyedaiwa usingizi kwa miaka. Ng'ombe wa mtu walipita karibu yetu wakila, hakushtuka. Jua likapanda, likaanza kunichoma shingoni. Nikasogea nikakaa upande ule wa jua ili kivuli changu kimwangukie usoni, nikangoja aamke mwenyewe.